Namna ya Kugeuza Haidrojeni na Kaboni Dioksidi kuwa Biomethani kwa Tangi la Utando: Mwongozo kwa Mafundi wa Mkoa wa Tanga

Kila aliyepita kando ya kiwanda cha mkonge, iwe Hale, Ngomeni au upande wa Pangani, anaifahamu harufu ya mabaki yanayotoka kwenye korona, yaani mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, na kinachobaki ni nyama ya jani na maji ya kijani, ambavyo kwa miaka mingi vilimwagwa mashimoni au mitoni. Mabaki hayo yakioza ndani ya mtambo usioingia hewa hutoa biogesi, na jambo hilo si geni mkoani kwetu, kwa kuwa mtambo wa majaribio wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya mkonge ulijengwa Hale mwishoni mwa miaka ya 2000. Hata hivyo biogesi si methani tupu. Katika kila lita 100, lita 60 hivi ndizo methani inayowaka, na karibu zote zilizobaki ni kaboni dioksidi, ambayo haiwaki, inapunguza ukali wa moto na inajaza mtungi bure pale gesi inaposhindiliwa kwa ajili ya kuendeshea gari.

Desturi ni kuichuja kaboni dioksidi hiyo na kuiachia angani. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, yaani kuilisha pamoja na haidrojeni kwa vijidudu vinavyoigeuza kuwa methani, ndani ya tangi ambalo haidrojeni huingizwa kwa kupenya kwenye utando, yaani ukuta mwembamba unaopitisha gesi na kuzuia maji. Methani inayopatikana hivyo ndiyo biomethani. Nimeuandika kwa ajili ya fundi au mwanafunzi wa chuo cha ufundi ambaye tayari ana mtambo wa biogesi wa samadi au wa mabaki ya mkonge unaofanya kazi, naye anataka kuanza na tangi dogo la majaribio lenye lita 20 za maji. Asiye na mtambo wa biogesi aanze na huo kwanza, kwa sababu ndimo zinamotoka mbegu ya vijidudu, chakula chao na kaboni dioksidi yenyewe.

Kinachotendeka ndani ya tangi

Molekuli nne za haidrojeni hukutana na molekuli moja ya kaboni dioksidi, ikapatikana molekuli moja ya methani na mbili za maji. Kwa kuwa gesi hupimwa kwa ujazo, fundi aikariri hesabu hii hivi: lita nne za haidrojeni na lita moja ya kaboni dioksidi huzaa lita moja ya methani, na maji yanayotokea hubaki tangini. Gesi lita tano zinakuwa lita moja. Kupungua huko kwa ujazo ndiko kutakakokuwa kipimo chako kikuu, kama nitakavyoonyesha mbele.

Mfaransa Paul Sabatier aligundua mwaka 1902 kwamba nikeli huwezesha badiliko hili katika joto kubwa, na viwandani hufanyika kwenye nyuzi joto 300 hadi 400. Njia hiyo ni ya haraka, lakini salfa iliyomo kwenye biogesi huiharibu nikeli, na joto la namna hiyo si la kuchezea katika karakana ya mtaani. Vijidudu hufanya kazi ile ile kwenye joto la nyuzi 37, na vipo vingine vinavyopenda nyuzi 65. Si bakteria, ingawa wengi huviita hivyo. Ni arkea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilitenga na bakteria mwaka 1977. Linalonivutia kila nikilifikiria ni kwamba navyo hutumia nikeli, chembe chache mno zilizoshikiliwa ndani ya kimeng'enya, na ndiyo maana maji ya tangi yasiyo na nikeli, kobalti na chuma hata kidogo huvidumaza vijidudu hata vikilishwa gesi kwa wingi.

Sasa niseme jambo ambalo mwongozo mzima unalizunguka. Ugumu wa kazi hii hauko kwa vijidudu. Uko katika kuifikisha haidrojeni ndani ya maji. Katika nyuzi joto 20 na presha ya kawaida ya hewa, lita moja ya maji hupokea takriban gramu 1.7 za kaboni dioksidi, ilhali haidrojeni inayeyuka miligramu 1.6 tu. Ukiipuliza haidrojeni chini ya tangi, mapovu hupanda juu na kutoka kabla hayajayeyuka, na vijidudu hubaki na njaa huku chakula kikiwapita puani. Mitambo mikubwa ya Ulaya, kama ule wa Avedøre karibu na Copenhagen nchini Denmark, ulioanza mwaka 2016 ukiwa na uwezo wa kutumia megawati 1 ya umeme kutengenezea haidrojeni, huishinda shida hii kwa kukoroga tangi kwa nguvu, na kukoroga ni umeme mwingine juu ya umeme. Utando hupita njia tofauti. Haidrojeni inakaa ndani ya mrija, maji yanakaa nje, na gesi inapenya ukutani molekuli moja moja bila povu hata moja. Vijidudu navyo hujipanga juu ya ukuta huo na kuipokea pale pale inapotokea.

Kuchagua utando

Hapa nitakaa kwa kirefu, kwa sababu ndipo nilipopoteza fedha na miezi.

Tando za kazi hii ni za namna mbili. Ya kwanza ni nyuzi za plastiki ya polipropilini zenye tundu katikati, nyembamba sana, ambazo ukuta wake umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hubaki vikavu kwa kuwa plastiki hiyo huyakataa maji, hivyo gesi hupita na maji hayapiti. Nyuzi hizi zina eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo, na ndizo zinazosifiwa zaidi katika maandishi ya kitaalamu. Ya pili ni mrija wa silikoni, ambao hauna vitundu kabisa, bali gesi huyeyuka ndani ya mpira wenyewe na kutokea upande wa pili.

Nilianza na nyuzi za polipropilini. Kwa siku nne nilizijaribu kwa maji matupu, na zilifanya kazi vizuri. Nilipotia maji yaliyochujwa kutoka mtambo wa mabaki ya mkonge, siku ya tatu nilikuta matone ya rangi ya chai kwenye koki ya mwisho ya upande wa gesi, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na tone lolote. Maji yalikuwa yamepenya vitunduni. Nilizikausha, nikazirudisha, yakapenya tena kwa siku moja. Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye korona alikuja karakanani, akayatazama maji yale ndani ya ndoo, akayakoroga kwa kijiti. Povu jeupe likasimama juu yake na halikushuka upesi. Akaniambia, "Mwanangu, haya ni maji ya mkonge. Ukiyakoroga utadhani umetia sabuni." Nami nikamjibu, "Shikamoo yako ya leo, mzee, imenilipa zaidi ya vitabu."

Alikuwa sahihi. Mkonge una saponini, kemikali ambayo hulegeza ngozi ya maji kama ifanyavyo sabuni, na maji yaliyolegezwa hivyo huingia kwenye vitundu ambavyo maji ya kawaida yasingeingia. Mtambo wa biogesi huivunja saponini kwa kiasi, lakini kiasi kinachobaki kinatosha kuharibu utando wa vitundu. Kwa sababu hiyo hiyo usioshe kamwe nyuzi za namna hii kwa sabuni ya unga au ya maji. Anayetumia tope la samadi tupu anaweza kuzitumia nyuzi hizo kwa tahadhari. Kwa sisi wa ukanda wa mkonge, ushauri wangu ni mrija wa silikoni, ambao hauna kitundu cha kulowa.

Tafuta mrija wa silikoni wenye kipenyo cha nje cha milimita 3 na cha ndani milimita 2, urefu wa mita 100. Eneo lake la nje ni karibu mita 0.94 za mraba, na ujazo wake wote haufiki lita moja, hivyo unaenea tangini bila shida. Ukikadiria kwamba kila mita ya mraba itapitisha lita 20 za haidrojeni kwa siku ndani ya maji yanayozungushwa polepole, unapata lita 20 hivi kwa siku, na ndicho kiwango tutakachofanyia hesabu zote zilizobaki. Ukuta wa mrija wenyewe unaweza kupitisha zaidi ya hapo. Kinachobana ni tabaka jembamba la maji lililotulia juu ya mpira, na ndiyo sababu ya kuweka pampu.

Usiutumie mrija wa mita 100 ukiwa mmoja. Ukate vipande vinne vya mita 25, kila kimoja ukizungushe kwenye fremu ya mabomba ya plastiki kwa nafasi ya kidole kati ya mzunguko na mzunguko, kisha uunganishe vichwa vyote vinne kwenye bomba moja la kuingizia gesi na mikia yote kwenye bomba moja lenye koki. Kipande kikitoboka, utakifunga na kuendelea na vitatu. Kabla ya kuvitia tangini, vijaze hewa kwa presha ya baa 0.5 (karibu nusu ya presha ya hewa inayotuzunguka), vizamishe kwenye beseni la maji safi na uvitazame kwa dakika kumi bila haraka. Povu linalojitokeza mahali pamoja tena na tena ni tundu. Vipovu vidogo vilivyoganda juu ya mrija na kutobanduka ni hewa iliyoingia navyo, vipanguse kwa kidole na utazame tena.

Angalizo moja ambalo wengi hulisahau: silikoni hupitisha pia oksijeni, tena kwa urahisi. Ndani ya tangi hilo si tatizo, lakini mrija wa silikoni ukipita nje, hewani, utanyonya oksijeni mchana na usiku na kuipeleka kwa arkea, na oksijeni ni sumu kwao. Nje ya tangi tumia bomba gumu la nailoni au la shaba.

Haidrojeni na hatari yake

Lita 20 kwa siku ni kiasi kidogo. Mtambo wa kuchanganua maji kwa umeme hutoa takriban lita 0.45 za haidrojeni kwa kila ampea moja inayopita katika seli moja kwa saa moja, kwa hiyo seli moja yenye ampea 7 hadi 8 katika saa sita za jua itakutosheleza, na sola ndogo ya nyumbani inaweza kuibeba kazi hiyo. Maji yanayotumika hayafiki mililita 20 kwa siku, nayo yawe maji yaliyosafishwa kama yale ya betri.

Nunua mtambo unaotenganisha haidrojeni na oksijeni kwa matundu mawili. Vipo vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa kwa madai ya kupunguza mafuta ya gari, ambavyo hutoa gesi zote mbili zikiwa zimechanganyika katika mrija mmoja. Usivitumie kwa hali yoyote, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche ndogo kabisa, na oksijeni yake ingeviua vijidudu hata kama usingelipuka. Vilevile mtu asishawishike na bahari iliyo jirani au na chumvi yetu ya mabwawani akadhani maji ya chumvi yatapitisha umeme vizuri zaidi. Yatapitisha, lakini yatatoa gesi ya klorini, ambayo inaunguza mapafu. Mitambo ya maji ya alkali hutumia potasiamu haidroksaidi, na mshikaji wake avae miwani na glavu.

Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, ilhali methani huwaka kati ya asilimia 5 na 15, na mwali wa haidrojeni mchana hauonekani. Gesi hii hupanda juu upesi, kwa hiyo mahali pa kazi pawe kibanda kilicho wazi juu na pembeni, na kisiezekwe makuti. Bomba la kutolea oksijeni lielekee upande mmoja na la kutolea haidrojeni ya ziada upande mwingine, juu ya paa. Ukubwa wa majaribio haya ni mdogo, lakini hata hivyo waalike maafisa wa Zimamoto wa wilaya yako wapaone mahali hapo kabla hujawasha, kwa kuwa wao wanajua mengi ambayo fundi wa gesi hayafikirii.

Biogesi nayo ina haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ikizidi, pua hupoteza uwezo wa kuinusa, na mtu hudhani imekwisha ilhali ndiyo inamuua. Ipitishe biogesi kwenye bomba lililojazwa vyuma chakavu vyenye kutu, kama nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zilizoachwa zikashika kutu. Usihangaike kuiondoa yote hadi chembe ya mwisho, kwani arkea wanahitaji salfa kidogo.

Tangi lenyewe

Pipa la plastiki la lita 30 lenye mfuniko wa kukaza kwa pete linatosha. Utatia lita 20 za maji, na nafasi ya juu itabaki kwa ajili ya gesi. Toboa matundu ya kuingizia haidrojeni, kuingizia biogesi karibu na chini, kutolea gesi iliyokamilika, kuchukulia sampuli, na mawili ya pampu ndogo ya kuzungusha maji. Tundu la kutolea gesi liishie ndani ya chupa yenye maji ya kina cha sentimita tano, ili gesi itoke na hewa isirudi. Presha ya baa 0.5 ni ya ndani ya mirija ya silikoni peke yake. Nafasi ya juu ya pipa haipaswi kuzidi kile kina cha maji ya chupani.

Joto la nyuzi 37 halipatikani bure hata kwetu pwani, kwa sababu usiku hushuka. Lizungushie pipa makumbi ya nazi kwa unene wa kiganja, ulifunge kwa gunia la katani, kisha weka kipasha joto kidogo chenye kidhibiti katika njia ya maji ya pampu. Badiliko la gesi lenyewe hutoa joto, lakini kwa ukubwa huu ni dogo mno kulitegemea.

Mbegu na jaribio la chupa

Chota lita 25 za tope kutoka mtambo unaotoa gesi vizuri. La samadi ya ng'ombe ni bora, na mwenye mtambo wa mkonge achanganye nusu kwa nusu, kwa kuwa mabaki ya mkonge yana nitrojeni kidogo. Lichuje kwa kipande cha chandarua, kisha kwa kitambaa kizito, kwani nyuzi zozote zitakazobaki zitajisokota kwenye mirija. Liweke kwenye dumu lililofungwa lenye njia ya kutolea gesi, katika joto la nyuzi 37, kwa muda wa siku 10 hadi 14, hadi liache kutoa gesi yake lenyewe. Ukiuruka muda huu wa kulishindisha njaa, hesabu zako zote za baadaye zitakuwa na gesi usiyojua imetoka wapi.

Kisha lipime. Chukua chupa mbili za soda za plastiki za lita 1.5, uzifunge kila moja kizibo chenye valvu ya baiskeli. Tia katika kila chupa nusu lita ya tope, lakini la chupa ya pili liwe limechemshwa na kupoa. Ondoa hewa yote kwa kupitisha biogesi, kisha ikamue chupa biogesi hiyo itoke, na uijaze mchanganyiko wa lita 1 ya biogesi kwa lita 1.6 za haidrojeni hadi geji ya presha isome baa 0.5. Zilaze mahali penye joto na uzitikise kila unapopita. Mwanzoni zote mbili zitashuka kidogo, kwa kuwa kaboni dioksidi inayeyuka majini. Baada ya hapo ile iliyochemshwa itasimama palepale. Ile yenye uhai itaendelea kushuka, na ikiwa mbegu ni nzuri, ndani ya siku moja au mbili utaishika chupa na kuisikia imelegea mkononi, kisha mbavu zake zitaanza kuingia ndani kana kwamba kuna mtu anainyonya. Ifungue hapo hapo au uijaze tena gesi, usiiache ivute hewa. Mbegu isiyoweza kuisinyaza chupa kwa siku nne usiitie kwenye pipa. Tafuta nyingine.

Kuanzisha na kupandisha kiwango

Jaza pipa lita 20 za mbegu, ondoa hewa kwa biogesi, washa pampu na kipasha joto, na uache siku mbili. Kisha ruhusu haidrojeni kuingia mirijani kwa presha ndogo, baa 0.1 tu. Vijidudu bado ni wachache na havijashika ukuta wa mrija. Pandisha kwa baa 0.1 kila wiki, ukitazama kwanza kama kiwango cha awali kimetulia, hadi ufike baa 0.5. Wanaopandisha haraka huona matokeo mazuri kwa siku chache, kisha tangi hugoma na huwachukua mwezi kulirudisha.

Kwa kiwango kamili, lita 20 za haidrojeni zinahitaji lita 5 za kaboni dioksidi, ambazo zinapatikana katika lita 12.5 za biogesi yenye asilimia 40 ya gesi hiyo. Biogesi hiyo inaingia na lita 7.5 za methani yake, tangi linaongeza lita 5, na jumla inayotoka ni lita 12.5, yaani sawasawa na biogesi iliyoingia. Usawa huu ni zawadi kwa fundi asiye na maabara. Gesi inayotoka ikizidi biogesi iliyoingia, kila lita iliyozidi ni lita ya haidrojeni iliyopita bila kuliwa. Ndoo mbili zilizopigwa mistari ya lita na kugeuzwa juu ya maji zinakuonyesha hali ya tangi lako kila asubuhi. Kwa kaboni dioksidi iliyobaki, vuta mililita 50 za gesi kwenye bomba la sindano, kisha uvute mililita chache za maji ya kostiki soda, utikise, na usome ujazo uliopungua. Huo ndio kaboni dioksidi. Sampuli ya kuthibitisha ipelekwe maabara ya chuo mara moja kwa mwezi, kwa kuwa haidrojeni na methani hazitofautishwi kwa njia hizi za karakanani.

Mikia ya mirija inahitaji uangalizi wa kila siku. Jinsi haidrojeni inavyotoka nje, methani, kaboni dioksidi na mvuke wa maji hupenya kurudi ndani, na mwisho wa mrija hujaa gesi isiyo na faida pamoja na matone. Geji bado itasoma baa 0.5 na utadhani mambo ni salama, kumbe nusu ya utando wako imelala. Fungua koki ya mikia kwa sekunde chache kila asubuhi, kwenye bomba linalotoka nje ya kibanda, mpaka matone yaishe.

Dalili za tangi linaloumwa

Pima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kila siku. Iwe kati ya 7 na 8. Ikipanda kuelekea 8.5, usikimbilie asidi. Maana yake ni kwamba haidrojeni inaila kaboni dioksidi haraka kuliko inavyoingia, na kaboni dioksidi ndiyo iliyokuwa ikiyatuliza maji. Punguza haidrojeni au ongeza biogesi, na pH itarudi yenyewe kwa siku moja au mbili. Ikishuka chini ya 6.8, mara nyingi kuna vijidudu vingine vinavyoigeuza haidrojeni kuwa asidi ya siki, jambo linalotokea arkea wanapodhoofika kwa baridi au kwa oksijeni. Kagua joto na viungio vyote kwa maji ya sabuni upande wa nje, na uongeze sodiamu baikaboneti kijiko kimoja kimoja.

Utando utaota ngozi laini ya kijivu. Ngozi nyembamba ndiyo kazi yenyewe, usiisugue. Ikinenepa hadi mzunguko mmoja unagusana na mwingine, gesi haifiki tena kwa vijidudu vya nje, na dawa yake ni kuongeza mwendo wa pampu kwa saa moja ili ziada ibanduke. Maji yetu ya visima yanayopita kwenye mawe ya chokaa huacha magamba meupe juu ya mirija, kwa hiyo ukihitaji kuongeza maji tumia ya mvua. Kila wiki toa lita moja ya maji ya tangi na uweke lita moja ya tope lililochujwa, kwa kuwa maji yanayozaliwa na gesi hayana madini yoyote, nayo huchosha tangi taratibu.

Kuhusu umeme

Mtu asiingie katika kazi hii bila kuijua hesabu hii. Kutengeneza mita moja ya ujazo ya haidrojeni hula takriban kilowati saa 5, na mita nne zinahitajika kupata mita moja ya methani, ambayo ndani yake ina kilowati saa 10 tu za joto. Nusu ya nishati imepotea njiani. Mwenye umeme anaouhitaji kupikia, apikie huo huo umeme. Njia hii ina maana pale ambapo umeme wa sola au wa maji ungepotea bure saa za mchana, na pale ambapo biogesi inahitajika iwe karibu methani tupu ili ishindiliwe kwenye mitungi ya magari na bajaji. Naamini viwanda vya mkonge vyenye biogesi na mapaa makubwa ya kuweka sola ni mahali pake hasa, kuliko kaya moja moja.

Umeme ukikatika, au wewe mwenyewe ukisafiri, funga haidrojeni kwanza, fungua koki ya mikia mpaka geji ifike sifuri, kisha ifunge ili maji yasivute hewa kupitia mirijani. Acha biogesi iendelee kuingia kidogo kidogo. Arkea huvumilia njaa kwa wiki kadhaa, hata tangi likipoa, mradi oksijeni isiingie. Ukirudi, usianze pale ulipoachia, bali rudi kwenye baa 0.1, pasha maji hadi nyuzi 37 na usubiri ndoo zako mbili zisome sawa kabla hujapandisha tena.